Eti kamera haijazoea watu kama mimi

Sijui nianze na leso yangu au na mdomo wa yule kijana. Acha nianze na mdomo.

Hapa Kisumu mjini kuna chumba cha gemu, ghorofa ya pili, kwenye jengo ambalo madirisha yake yanatazama upande wa ziwa. Jina silitaji, maana mwenyewe tunajuana na sitaki maneno. Vijana wengi huenda pale kucheza mpira wa PS (PlayStation), lakini kwenye kona ya dirishani wameweka kile wanachokiita gemu za mwili. Hushiki pedi. Unasimama mbele ya kamera, unarusha mikono na miguu, na yule mtu wa kwenye TV anakufuata. Ni mashine ya gemu ya Xbox 360 na Kinect yake, ndiyo hiyo kamera, mali ya zamani ya ex-UK, lakini nzima. Shilingi mia kwa robo saa, na unalipa kabla. Kulipa kabla ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu. Yuko chuo cha Maseno, mwaka wa pili, na tangu wafunge hana habari nyingine ila Switch 2, mashine ya gemu ya Nintendo. Hicho chumba pia hupokea amana za gemu ambazo hazijatoka: unaacha elfu mbili, jina linaandikwa kwenye daftari la kaunta, unangoja. Kulikuwa na moja aliyoitaka kufa na kupona, ya kuchezwa kwa kuzungusha mkono, na ndani ya tuktuk kutoka Mamboleo alinionyesha trela yake mara tatu. "Auntie, cheki maji. Cheki vile nywele zinapepea." Nikamwambia nywele nimeziona, sasa nionyeshe mkono. Mtu akikunja kiwiko hivi, yule wa kwenye TV anakunja papo hapo au anakunja baada ya chai? Trela haikuwa na jibu. Kuchelewa hakupigiki picha, unakusikia mwilini.

Yeye husema gemu bila grafiki ni redio. Mimi si mgeni wa mambo haya. Binamu yangu alirudi kutoka Uingereza na Wii, mashine ya Nintendo ya kucheza kwa kupunga rimoti, ile nyeupe iliyotoka 2006, na sikukuu hiyo nyumba yetu ya Migosi haikulala. Wakati huo wapinzani wake, PS3 na Xbox 360, tayari walikuwa na picha safi ya HD. Wii ilikuwa na picha ya mistari 480, basi. Kwenye ndondi glavu zilielea hewani bila mikono. Na bado shemeji yangu, mtu mzima, shemasi wa kanisa, alipiga ngumi taa ya dari akaivunja. Ile mashine iliuza zaidi ya milioni 100, ikawapita wote wawili wenye picha safi. Hata ule utepe wa juu ya TV walioubatiza sensa haukuwa sensa ya kitu: ulikuwa taa za infraredi tu, mwanga usioonekana kwa jicho, upande huu na upande ule, na kamera yenyewe ilikuwa ndani ya rimoti. Waya wake ulipokatika tuliweka mishumaa miwili juu ya TV tukaendelea kucheza. Nendeni mkajaribu hivyo na grafiki zenu.

Mpwa naye si mjinga. Akaniuliza, kama kuzungusha mkono ni kutamu hivyo, mbona ile gemu ya Zelda ya 2011 ya Wii, Skyward Sword, ambayo ulikuwa huwezi kuicheza bila kupunga rimoti, ilipotolewa upya kwa Switch mwaka wa 2021 waliongeza njia ya kucheza kwa vitufe? Si ni kwa sababu watu walichoka? Hapo alinishika. Nilinyamaza tangu Kondele mpaka tunashuka. Tukiwa kwenye ngazi ndipo nikamkumbuka Milo. Mwaka wa 2009, hiyo Kinect ikiwa haijaingia sokoni bado, wenye Xbox walionyesha mtoto wa ndani ya TV anayeitwa Milo: unaongea naye, anakutazama usoni, unachora kitu kwenye karatasi, unakiinua mbele ya kamera, naye anakipokea. Uso mzuri, macho yana maji. Gemu hiyo haijauzwa hata siku moja. Nikamwambia, mwanangu, amana yako ungemwekea Milo ungekuwa unangoja mpaka leo.

Basi tukaingia. Ilikuwa kama saa kumi, wakati ule jua la Kisumu linapoacha kuwa la Mungu na kuwa la adui. Lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja, linapiga ukuta, linapiga TV, linatupiga sisi. Kijana wa pale alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula njugu. Akawasha gemu ya mashua, ile ya Kinect Adventures, ambayo mnasimama wawili mnaruka mkishuka mto. Akabonyeza saa yake. Akarudi kwa njugu.

Naruka, haruki. Nasimama, anaruka. Mguu wangu wa kushoto ukapita nyuma ya kichwa changu kama wa kuku aliyechinjwa. Mpwa yeye hakuonekana kabisa, mashua inakwenda na mtu mmoja, naye yuko hapa anatoka jasho. Nikamwita kijana. Hakuinua kichwa.

"Mathe, hiyo kamera haijazoea watu kama nyinyi."

"Kama sisi vipi?"

"Weusi sana. Ilitengenezewa wazungu, hiyo. Haikuoni."

Wale wa mpira wakacheka. Mmoja aliweka pedi chini ili acheke vizuri. Na huyo aliyesema hivyo, yawa, ni mweusi kama chungu cha dani wake, bibi yake! Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimesimama mbele ya darasa miaka mingi kuliko umri wake, nikionyesha watoto kwamba ukielekeza rimoti ya TV kwenye kamera ya simu na ukabonyeza, unaona taa ambayo jicho halioni. Nije niambiwe na mla njugu kwamba infraredi inachagua rangi ya ngozi?

Ngoja niseme vile ilivyo, kwa sababu najua kuna watu wanaoamini hayo. Uvumi huo ulianza 2010 Kinect ilipotoka, kwa sababu ile sehemu yake ya kutambua sura ya mtu iliwagomea watu fulani wenye ngozi nyeusi. Wamarekani wa Consumer Reports, wale wapimaji wa bidhaa, wakaipima wakakuta ni chumba kuwa na mwanga hafifu. Kufuata mwili ni jambo jingine kabisa. Kinect humwaga vitone vya infraredi chumba kizima, maelfu, halafu kamera yake inatazama vile vitone vimesogea vipi vilipokuangukia wewe na vilipoangukia ukuta, na kutokana na hapo inajua uko umbali gani, mkono uko wapi, goti liko wapi. Uwe mweusi, uwe mwekundu, uwe umevaa gunia. Waliobuni teknolojia hiyo, kampuni ya PrimeSense ya Israeli, walinunuliwa na Apple 2013, na leo watu wa rangi zote wanafungua simu zao kwa uso kwa maarifa ya ukoo huohuo.

Sasa jua lina infraredi yake, na haina hesabu. Ukiweka Kinect mbele ya dirisha la magharibi saa kumi jioni, vile vitone vinazama, ni kama kumulika tochi uwanjani saa sita mchana. Maelekezo ya mashine yenyewe yanasema usiiweke kwenye jua la moja kwa moja. Nikamweleza yote haya, kwa adabu, nikamwomba asimamishe saa tuzibe dirisha. Akasema saa haisimamishwi, ni ya bosi. Pazia? Hakuna. Gazeti? Hakuna. Tukabaki na dakika nane.

Nilikuwa na leso mabegani. Nikaitoa, nikapanda kwenye kiti cha plastiki cha huyohuyo kijana (alikuwa amenyanyuka kujichukulia soda, nikakivuta), nikaifunga kwenye grili za dirisha, ncha mbili juu, moja chini. Chumba kikawa rangi ya zambarau. Nikashuka.

Yule mtu wa kwenye TV akasimama wima. Nikainua mkono, akainua mkono. Mpwa akatokea upande wa pili wa mashua kana kwamba ameshuka mbinguni. Tukaruka, mashua ikaruka, tukapita juu ya maporomoko, tukaanguka majini, mpwa anapiga kelele "Auntie kushoto! Kushoto!" na mimi nainama kushoto na mgongo wangu huu. Wale wa mpira waliacha mechi yao wakaja kutazama. Grafiki zile ni za katuni, za zaidi ya miaka kumi na tano, na sikumsikia hata mmoja akiulizia nywele.

Halafu TV ikazimwa. Kap. "Dakika zenu zimeisha." Nusu ya hizo dakika tulikuwa hatuonekani! Hapo ndipo nilipoamua hawa watu nitawapa nyota moja, na hiyo moja ni ya ngazi, ziko safi.

Lakini sitasema uongo. Nilitoa mia nyingine. Akatuwekea ya magari, Joy Ride, ambayo unashika usukani usiokuwepo, mikono miwili hewani kama mgonjwa wa homa. Kulikuwa na mtoto wa shule ya msingi, sare na viatu vya vumbi, akanishinda mara mbili, na juu yetu leso yangu imejinyoosha na maandishi yake kila mtu anayasoma: SISI SOTE ABIRIA, DEREVA NI MUNGU. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikacheka na mimi. Nikatoa mia ya tatu. Kwa hiyo nyota nne, ungeniuliza saa hiyo.

TV yao inachelewesha picha kidogo, hawajaiweka kwenye modi ya gemu. Nilimwambia, akasema TV ni mpya. Sikubishana.

Na ndiyo, nilimwekea mpwa ile amana. Najua nilichosema juu kuhusu Milo. Nilikuwa na furaha, moyo ulikuwa umelainika, na kijana aliandika jina letu kwenye daftari kwa mwandiko mzuri ajabu. Sikuulizwa tena kama kamera inaniona. Wala sikuombwa radhi. Nilingoja kidogo pale kaunta, nikijifanya natafuta simu kwenye mkoba, nikidhani atasema. Aliniuliza kama nina njugu za kuongeza.

Tulipotaka kuondoka, nikaenda kufungua leso. Akasema, "Wacha kwanza, mathe, kuna wateja wanacheza." Walikuwa wanacheza kweli, vijana wawili kwenye mashua, wanaonekana vizuri sana. Nikaona aibu kuwakatiza. Nikasema nitaipitia.

Nimepita mara mbili sasa. Mara ya kwanza palikuwa pamefungwa. Mara ya pili, juzijuzi, niliiona nikiwa bado barabarani, zambarau yangu, iko palepale dirishani, na safari hii imepigiwa misumari. Misumari! Nikapanda. Kijana akaniambia hawezi kuitoa mpaka bosi arudi, ile imeshakuwa pazia ya ofisi. Kona ilikuwa imejaa, saa kumi jioni, jua kali, watu wanangoja foleni na mia zao mkononi.

Basi ni nyota mbili. Leso huuzwa mbili pamoja, na ya pili iko hapa kwangu haina mwenzake. Mpwa anataka kwenda Ijumaa kuuliza kama gemu yake imefika. Nimemwambia aulize leso kwanza, na aende na koleo ya kung'olea misumari.