Nyaya za mpira za zamani kwenye nyumba za Dodoma: bado zinafaa?

Ukifungua swichi kwenye jengo la siku nyingi pale Uhindini au karibu na stesheni ya reli, unaweza kukuta nyaya zenye ganda la mpira. Kuna zile za waya mmoja mmoja, nyekundu na nyeusi, zilizovikwa kitambaa cha pamba chenye lami na kupitishwa ndani ya bomba la chuma. Nyingine ni kebo yenye mpira mgumu kwa nje, iliyobanwa kwa klipu juu ya ubao. Nyaya za PVC zilianza kuchukua nafasi yake miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo nyaya hizi huenda zina kama miaka 60 au zaidi, na mpira wa namna hii ulitarajiwa kudumu kama miaka 25 hadi 30. Jibu letu ni kwamba zibadilishwe. Kinachobaki kujadili ni haraka kiasi gani, na uanzie wapi.

Kwanza haki yake. Shaba ya nyaya hizi ni nzuri, na imepakwa tabaka jembamba la bati kwa sababu salfa iliyotumika kuukaza mpira hushambulia shaba tupu. Ndiyo maana ukikwangua ganda unaona rangi ya fedha, usidhani ni alumini. Shaba tunaipa alama nyingi. Mpira hatuupi hata moja.

Mpira hufa kwa hewa na joto. Oksijeni huukausha, unakuwa mgumu, unapasuka, mwisho unadondoka kama unga mweusi. Unaoza zaidi sehemu tatu: kwenye holda ya taa, kwenye vituo vya swichi na soketi, na darini chini ya bati, ambako jua la Dodoma hupika mchana kutwa. Waya ulio katikati ya bomba ukutani unaweza kuonekana mzima kabisa huku sentimita 10 za mwisho kwenye holda zimebaki shaba tupu. Balbu za zamani za wati 100 ndizo zilizofanya kazi hiyo. Kuweka LED za wati 9 hupunguza joto, lakini ganda lililokwisha kupasuka halirudi.

Kupima kunahitaji mega ya volti 500, yaani kipimo cha uzima wa ganda la waya, siyo testa ya bisibisi. Zima meni switchi, chomoa kila kifaa, toa balbu zote, tenganisha feni na chochote chenye elektroniki, acha fyuzi mahali pake na swichi zote ziwe zimewashwa. Unganisha waya wa moto na nyutro, pima dhidi ya ethi (waya wa ardhini). Kisha zitenganishe, pima moto dhidi ya nyutro. Chini ya megaomu 1, sakiti hiyo isiwashwe tena. Nyaya mpya za PVC kwa kawaida hutoa megaomu mamia.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Ukipima Septemba, hewa ikiwa kavu, mpira uliopasuka unaweza kutoa namba nzuri, kwa sababu hewa kavu iliyo kwenye ufa nayo inazuia umeme. Mvua zikianza Desemba, bati likavuja au unyevu ukaingia kwenye bomba, ufa uleule unapitisha umeme. Namba ya kiangazi peke yake isikuridhishe. Umeme ukiwa umezimwa na umehakikisha haupo, chagua ncha moja kwenye holda, ikunje taratibu. Mpira mzima hunepa. Ukisikia unakatika au ukaona unga, usiguse nyingine: kila ukivuta waya mzee kwenye boksi unaongeza ufa mahali usipopaona.

Mzigo nao umebadilika. Nyumba hizi zilifungiwa taa na soketi chache za ampia 5. Leo birika la wati 2,000 linavuta karibu ampia 9. Asubuhi za baridi za Juni na Julai watu wanafunga shawa ya maji moto ya wati 5,500, yaani karibu ampia 24. Shawa hiyo isiunganishwe kamwe kwenye waya wa mpira. Ipe kebo yake ya shaba ya milimita za mraba 6 kutoka kwenye boksi kuu la umeme, sakiti breka ya ampia 32 na kinga ya kuvuja ya miliampia 30, yaani kifaa kinachokata umeme ukivuja. Ukikuta fyuzi imefungwa waya mnene kuliko wa awali, ujue ganda limeshachemshwa.

Pesa haitoshi kwa nyumba nzima? Anza na waya zinazoning'inia kwenye taa na holda zake, kisha bafu na jiko, kisha soketi zote, mwisho taa zilizobaki. Taa zitumie waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5. Bomba la chuma lenye kutu kwenye maungio lisitegemewe kama ethi. Pitisha waya wa ethi wa kijani na njano. Usitumie waya wa zamani kuvutia mpya kama mpira umegandamana na bomba, utakatikia ndani. Ukifunga kinga ya kuvuja ikawa inakata kila mara, inakuambia ukweli. Anayeiruka ili taa ziwake anarudisha hatari palepale.

Dukani kwangua ncha ya waya kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ikiwa nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, iache. Tafuta alama ya TBS, shirika la viwango. Kazi apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, akuandikie vipimo vya mega vya kila sakiti. Upande wa LUKU wenye lakiri ya TANESCO asiuguse.

Waya wa mpira wa kisasa wa pasi au mashine ya kuchomelea ni kitu kingine, wala hauhusiki na onyo hili.

Kazi ikiisha, nyaya za zamani zitolewe kabisa au zikatwe ncha zote mbili. Zikiachwa ukutani zimeunganika upande mmoja, fundi atakayekuja baadaye ataziwasha bila kujua.