Ukuta wa mawe ya fomu na saruji kwenye tangi la samaki: uzoefu wangu, Mtwara

Kwa anayetaka jibu la haraka: ukuta huu, yaani mwamba wa bandia wa fomu (ile nyeupe ya kufungia friji) iliyochongwa, ikabandikwa ndani ya kioo cha nyuma na kupakwa saruji, unafaa, unapendeza kuliko karatasi ya picha, na gharama yake haifiki ya samaki wenyewe. Ila haufai kwa kila samaki, na hilo watu wengi hawaambiwi. Saruji ikishaingia majini inayabadili maji yenyewe. Kwa hiyo chagua samaki kwanza, ukuta ufuate.

Mimi nafuga mbuna, wale samaki wadogo wenye rangi kali wa Ziwa Nyasa wanaoishi kwenye miamba. Wangu nilitumiwa kwa basi na mfugaji wa Dar es Salaam, wamefungwa kwenye mifuko iliyojazwa oksijeni. Maji ya Nyasa yana pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya kati ya 7.7 na 8.6 hivi, yaani yako mbali na uchachu. Saruji mbichi nayo inapandisha pH vibaya sana, maji yake yenyewe yanapita 12, lakini ikishakomaa na kuoshwa vizuri kinachobaki ni msukumo mdogo tu wa kwenda juu. Kwa mbuna hiyo ni nafuu. Kwa samaki kama diskasi au neoni tetra, ambao kwao ni maji laini yenye uchachu ya Amazon, ukuta huohuo ni balaa. Ukiwa na hao, usiendelee kusoma kwa nia ya kuiga.

Karatasi ya picha nilikuwa nayo kabla. Ni rahisi, unaibandika nyuma ya kioo kwa nje na kazi imekwisha. Shida yake ni kwamba chumvi na unyevu wa huku pwani haviisamehi. Inajikunja pembeni, maji yanapenya katikati yake na kioo, na matumbawe ya kwenye picha yanaanza kuonekana kama madoa. Tena, kumweka mbuna mbele ya picha ya matumbawe ya bahari ni kichekesho, ingawa samaki mwenyewe hajali.

Wapo walionishauri niokote mawe ya matumbawe ufukweni, kama yale yaliyojengewa nyumba za zamani za Mikindani. Kwa upande wa maji yasingedhuru mbuna, maana ni chokaa. Lakini yana makali, na mbuna ni wagomvi, wanafukuzana kutwa na kujikwaruza. Halafu matumbawe ni ya kuachwa baharini. Tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, si jambo la kufanyia mchezo kwa ajili ya pambo la sebuleni.

Basi nikaenda kwenye fomu nyeupe, ile ngumu inayokuja imezunguka friji na televisheni, inayopukutika vichembe. Maduka ya vyombo vya umeme wanaitupa, ukiomba wanakupa. Tangi langu ni sentimita 100 kwa 45 kwa 45, kazi ya fundi wa madirisha ya aluminiamu. Silikoni nilinunua kwake pia, na hapa uwe mkali: chukua ile ya wazi ya vioo, inayonuka siki ikiwa mbichi. Zile za bafuni zilizotiwa dawa ya kuzuia ukungu zinaua samaki. Soma kopo kabla hujalipa.

Kuchonga ndiko kulikonipa raha kuliko yote. Jirani yangu ni mchonga vinyago, mzee wa Kimakonde aliyeshika mpingo tangu ujana. Nilimpa kipande cha fomu na patasi, akakata mara mbili akacheka.

"Mwanangu, hii haina nyuzi. Mti unakuonyesha pa kupita. Hii haisemi kitu."

"Sasa mzee, nitajuaje pa kukata?"

"Usichonge jiwe. Chonga kivuli cha chini ya jiwe."

Ushauri huo una thamani kuliko video zote nilizotazama. Mawe ya Nyasa upande wetu, kule Liuli na Mbamba Bay, ni makubwa, yamelainika, yamekaa moja juu ya jingine. Liuli kuna jiwe kubwa la Pomonda, ndilo lililowafanya Wajerumani wapaite Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx, ile sanamu ya Misri. Ukichonga mistari na nyufa nyingi unapata ukuta wa magofu. Ukichonga matumbo machache manene na kuchimba giza refu chini yake, unapata mwamba wa ziwa. Mashimo hayo pia ni makazi: dume mmoja atalichukua moja na kulilinda. Hakikisha tu hakuna tundu linalopenya hadi nyuma ya ukuta, maana samaki akiingia huko hatoki.

Watu wengine wanalainisha fomu kwa moto wa mshumaa. Inafanya kazi, lakini moshi wake ni sumu, fanyia nje penye upepo. Rangi za kupuliza na petroli usizikaribishe kabisa, zinaiyeyusha fomu papo hapo. Mimi nilimalizia kwa brashi ya waya na msasa.

Nilibandika fomu kwenye kioo kabla ya kupaka saruji. Silikoni inashika vizuri kioo na fomu, lakini saruji haiipendi. Na usiifanyie ubahili silikoni. Fomu inaelea, na nguvu ya kuelea haina huruma: ukuta wa sentimita 100 kwa 45 wenye unene wa wastani wa sentimita 5 ni lita 22 na nusu, maana yake maji yataisukuma juu kwa karibu kilo 22, sawa na ndoo kubwa iliyojaa. Saruji inapunguza kiasi, haimalizi. Paka silikoni nyuma yote na kingo zote, kisha iache ikauke hadi harufu ya siki iishe.

Saruji nilinunua ya kupima. Sisi wa Mtwara hatuna kisingizio, kiwanda cha Dangote kiko mkoani kwetu. Tangi lilazwe chali ili saruji isichirizike. Koti la kwanza liwe jepesi sana, liingie kwenye kila kitundu. Yanayofuata yawe mazito zaidi, na la mwisho ndilo la rangi. Nilitumia rangi ya unga ya sakafu, nyeusi na kidogo ya nyekundu, nikaichanganya ndani ya saruji. Ni oksidi ya chuma, haiyeyuki majini. Ikikauka inapauka, kwa hiyo usihukumu rangi mpaka ilowe tena. Kati ya koti na koti, funika kwa gunia bichi kama mafundi wanavyofanya kwenye zege. Joto la huku linakausha saruji kabla haijashika, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia.

Kisha kuosha, sehemu inayochosha. Unajaza maji, unayaacha, unapima pH, unamwaga, unajaza tena. Kwa wiki kadhaa. Kuongeza siki kwenye maji ya kuloweka kunasaidia kuharakisha. Usitie samaki mpaka maji yaliyokaa siku kadhaa bila kuguswa yasome chini ya 8.5 na yabaki hapo. Kipimo cha matone kinatosha, na hapa Mtwara sikukipata dukani, kilikuja na mzigo wa samaki.

Matokeo? Baada ya muda utando wa kijani ulitanda juu ya mawe, na mbuna wanaukwangua kutwa nzima kama wafanyavyo ziwani. Kwa hilo peke yake ningelipa mara mbili. Karatasi haiwapi chakula. Ugomvi pia umepungua kwa sababu kila mmoja ana pa kujificha. Hita sina na sihitaji, joto letu la pwani linawatosha, ila miezi ya joto kali pampu ya hewa isizimwe, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

Lawama zangu ni mbili. Tangi linapoteza nafasi ya maji: la lita 200 likabaki na 180 hivi, kwa hiyo usihesabu idadi ya samaki kwa kipimo cha zamani. La pili ni kusafisha. Uchafu unakaa kwenye vishimo, na mpira wa kunyonyea haufiki kote. Nimezoea kuelekeza mdomo wa pampu kwenye ukuta kabla ya kubadilisha maji ili uchafu utoke.

Na kama umepanga nyumba, zungumza na nafsi yako kwanza. Tangi hili likiwa tupu ni zito kwa watu wawili, na ukuta ukishagandishwa hautoki mzima, ni kuuvunja vipande kwa kisu na kukwangua kioo kwa wembe.