PELLA: fungua hii kabla hujanunua sarafu ya Aleksanda

Kama unanunua sarafu za Wagiriki wa kale mtandaoni na bado unaamini kila anachoandika muuzaji, aisee pitia PELLA kwanza. Ni katalogi ya American Numismatic Society ya kule New York, bure kabisa, ina sarafu za jina la Aleksanda Mkuu, na namba zake ni zilezile za Price (Martin Price, aliyeandika kitabu cha kuorodhesha sarafu hizi) ambazo wauzaji wanaziweka kwenye matangazo yao.

Mfano, kuna duka (jina naliacha) lilikuwa na tetradrakma moja (sarafu ya fedha ya drakma nne), tangazo linasema 336–323 KK, imepigwa Aleksanda akiwa hai, na bei imepanda kwa hilo neno hai. Mbele Herakles kavaa ngozi ya simba, nyuma Zeu kakaa na tai mkononi, pembeni ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ yaani "ya Aleksanda". Wengi wanaishia hapo. Sasa jina peke yake halikupi tarehe bana, maana hela hii ilikubalika kila sokoni na miji ikaendelea kuipiga kwa jina lake hata karne mbili baada ya yeye kufa. Cha kuangalia ni herufi ndogo mbele ya magoti ya Zeu: ΑΣ, halafu chini yake Ε. Nikachagua Aspendos (mji wa kale, Uturuki ya leo) kwenye PELLA, mlolongo wote ukaja, ΑΣ ni mji wenyewe, Ε ni mwaka wa 5 wa hesabu yao inayoanza kama 212 KK, kwa hiyo hii ni ya 208 KK hivi, Aleksanda keshaoza zaidi ya miaka 100! Nikamwandikia muuzaji, akarekebisha tarehe kimyakimya, bei hakuigusa 😂

Ila namba za Kigiriki uzijue kabla, PELLA haikufundishi. Α ni 1, Β ni 2, unaenda vizuri mpaka 6 ambayo ni Ϛ, herufi ambayo kwenye alfabeti ya siku hizi haipo, ukiiruka tu Ζ utaiita 6 kumbe ni 7.

Na ukikuta ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ ΒΑΣΙΛΕΩΣ, sura ya mfalme mbele, tai nyuma na herufi ΓΞΡ, usihangaike PELLA, huyo ni Aleksanda mwingine kabisa, Balas wa Siria, hamia Seleucid Coins Online, katalogi ya haohao jamaa wa New York. Γ 3, Ξ 60, Ρ 100, jumla 163, na Waseleuko (ukoo wa kifalme uliotawala Siria) walihesabu kuanzia 312 KK, unapata 150/149 KK. Hizi ndo nazipenda kuliko zote, mwaka umeandikwa hapohapo hakuna cha kubishana.

Feki PELLA haikuambii na bei haina, hayo tafuta kwingine. Kwa tarehe naipa nyota zote 5. Wale wa sarafu za bundi za Athens msiende huko, hamna chenu.