Life As We Knew It: Mwezi Umesogea, Stoo Inapungua

Habari zenu watazamaji, karibuni. Kitabu nilichoshika leo ni Life As We Knew It, riwaya ya vijana ya Mmarekani Susan Beth Pfeffer, iliyotoka mwaka 2006. Ndicho cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vinne. Mwisho wake sitausema, ila mambo ya katikati nitayagusa. Kama hutaki kujua lolote, simamisha video hapa, kasome kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki: asteroidi, yaani jiwe kubwa la angani, inaugonga mwezi, na mwezi unasogea karibu na dunia. Watu walikuwa wametoka nje kutazama kama burudani! Mara bahari inameza miji ya pwani, volkano zinalipuka, majivu yanaziba jua, na baridi inaingia kabla ya wakati wake. Yote tunayasoma kwenye shajara ya Miranda, binti wa miaka 16 anayeishi Pennsylvania na mama yake, kaka yake Matt na mdogo wao Jonny.

Wapenzi wa sayansi, najua mmeshaanza kuguna, na mna haki. Ceres, kubwa kuliko zote kwenye ukanda wa asteroidi, haifikii hata asilimia 2 ya uzito wa mwezi. Kuusogeza mwezi kiasi hicho na bado ubaki mzima, hapana. Lakini ukishamsamehe mwandishi hilo moja, yanayofuata yanaingia akilini. Mwezi ukiwa nusu ya umbali wa sasa, nguvu yake ya kujaza na kupwesha maji inakuwa mara 8. Na majivu kuleta baridi si mambo ya kutunga: volkano ya Tambora, Indonesia, ililipuka mwaka 1815, na mwaka uliofuata mazao yakaharibika Ulaya na Amerika Kaskazini.

Haya, tuje kwenye kilichonishika. Humu hamna binti shujaa anayeokoa taifa. Kuna stoo ya chakula. Mama anawatoa watoto shuleni, mbio hadi supamaketi. Bei za rafu hazina kazi tena: toroli moja dola 100, pesa taslimu, jaza utakavyo. Kuanzia hapo kitabu ni hesabu ya makopo. Nani ameruka mlo, nani anasema ameshiba kumbe hajala.

Kuna siku Miranda anakuta pakiti ya punje za chokoleti stoo, anaanza kuzila kwa siri. Mama anamfumania. Unadhani atamnyang'anya? Anamlazimisha azimalize zote, kwa hasira, kisha anamwambia chakula chake ndicho hicho. Aisee, hapo nilifunga kitabu kidogo. Mama huyu anawapenda wanawe, hilo halina ubishi, na bado njaa imemfanya atishe kuliko volkano.

Kinachouma zaidi ni suala la Jonny. Chakula kinapozidi kupungua, yeye ndiye anayebaki akila zaidi ya wenzake, na Miranda anaanza kuelewa kwa nini: kama ni mmoja tu atakayepona, mama ameshachagua ni nani. Hakuna kikao cha familia, hakuna hotuba. Unaliona kwenye sahani. Pfeffer ameliandika kwa sentensi fupi, kavu, na ndiyo maana linachoma.

Kasoro zipo. Rafiki yake Miranda, Megan, ameshika dini kiasi cha kukataa kula, na mchungaji wake amechorwa kwa rangi moja tu, mbaya, basi. Muumini akisoma anaweza kuona ameonewa. Katikati pia panazunguka sana, kuni, theluji, kuni tena. Mimi sikuchoka, lakini ukizoea vitabu vya kasi utachoka. Na Miranda wa kurasa za mwanzo ana visirani, mvumilieni.

Kiingereza chake ni chepesi, shajara ya msichana tu. Kuanzia miaka 12 hivi kinasomeka, ila kama mtoto wako hulala na hofu za dunia kuisha, msome pamoja au msubiri kidogo.

Cha pili, The Dead and the Gone, ni janga lilelile lakini New York, kwa kijana Alex na dada zake wawili, wazazi hawajulikani walipo. Unaweza kuanza na hicho bila kupotea. Mkikubali, ndicho nitakachokichambua video ijayo. Niandikieni hapo chini.