Mafunzo ya usuluhishi Mwanza: yanafaa, ila cheti si usajili

Nimemaliza mafunzo mafupi ya usuluhishi wa migogoro hapa mjini. Nilijiunga kwa kuwa niko kwenye uongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi kwenye mwalo (ufukwe wa kushushia samaki), na mbalamwezi ikianza, mitumbwi ya dagaa ikipumzika, ndipo kesi za mgao zinapofumuka.

Sehemu iliyostahili ada yangu ni mazoezi. Siku moja tuliigiza kesi ya mvuvi anayedai mgao wake, tajiri, yaani mwenye mtumbwi, akisema amemkata fidia ya nyavu zilizochanika. Msuluhishi alikuwa mzee mmoja aliyewahi kukaa baraza la kata. Hata mvuvi hajamaliza, mzee akadakia, "Hapo kijana una makosa." Mwalimu akamsimamisha: "Shikamoo mzee wangu, lakini hapo umeshahukumu." Ukumbi mzima ukacheka, mzee naye akacheka.

Wakarudia, safari hii kila upande ukasikilizwa faragha. Kumbe mvuvi yuko tayari kulipwa kidogokidogo, mradi apewe nafasi mtumbwini giza lijalo, mitumbwi ikirudi kuvua. Mbele ya tajiri asingelitamka hilo hata kwa dawa, na msuluhishi haruhusiwi kulipeleka upande wa pili bila ridhaa yake. Hapo nilielewa kazi hii inafanywaje.

Sheria zilipitiwa vizuri. Kwa mfano, tangu 2021 baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila mwafaka mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Migogoro ya kazi ina njia yake, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), nako usuluhishi umepewa siku 30.

Sasa malalamiko. Makabrasha yote Kiingereza, wakati nusu ya darasa ni watu wa mwaloni na wasaidizi wa kisheria. Kubwa zaidi ni tangazo lao: "Kuwa msuluhishi anayetambulika." Siku ya mwisho tukapewa cheti cha kuhudhuria, basi. Kutambulika kuna utaratibu wake: unaomba ithibati na usajili Wizara ya Katiba na Sheria, kwa kanuni za mwaka huohuo wa 2021. Nilipouliza nianzie wapi, nikajibiwa juujuu.

Nyota tatu kati ya tano. Kama tayari unaamua ugomvi wa watu mwaloni, kanisani au kwenye kikoba, nenda. Kama unatafuta ajira, kabla hujatoa hela waulize kama cheti chao kinakubalika kwenye maombi ya usajili, na wakujibu kwa maandishi.