Irente, Lushoto: nimempeleka mama mwenye goti bovu, na amefika

Mama ana miaka 67 na goti la kushoto linamsumbua siku nyingi. Kila niliyemuuliza kuhusu Irente, ule ukingo wa mlima ambako watu huenda kutazama bonde, aliniambia "ni karibu tu", na sote tunaijua "karibu tu" ya watu wa milimani. Tumeenda Januari, na ninaandika kwa yeyote mwenye mzazi anayetamani kuona lakini anaogopa kupanda.

Kutoka Mombo tulipanda Noah. Ni lami mpaka Lushoto, kilomita 30 na ushee, kona juu ya kona, kwa hiyo mwenye kichefuchefu akae mbele. Soni tulinunua plamu za kula njiani. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Beba sweta hata kama umetoka Tanga unatiririka jasho.

Mjini mpaka Irente ni kama kilomita tano au sita. Wenye miguu wanazitembea zote. Sisi tulikodi gari hadi shamba la Irente, lile la Kanisa la Kilutheri, tukala mkate mweusi na jibini ya palepale (chakula agizeni mapema), ndipo tukaanza kutembea. Njia ni pana, udongo mwekundu, inapanda taratibu kati ya mahindi na migomba. Peke yangu ningetumia dakika 20. Na mama tulitumia 45, tukapumzika mara tatu. Mkono nilimshika mwishoni tu, penye mawe.

Jambo moja liliniudhi. Kijana mmoja mjini alishikilia kwamba bila yeye haturuhusiwi kwenda, akataja bei iliyomfanya mama aseme turudi nyumbani. Si kweli. Tulilipa kiingilio kidogo, basi. Kama unataka kuzunguka vijiji na msitu siku nzima, mwongoza njia mzuri ni wa thamani na mlipe vizuri. Kwa kipande hiki kifupi huhitaji.

Na nendeni alasiri. Asubuhi ukungu unaweza kufunika bonde lote, ukaishia kutazama weupe. Sisi tulifika saa kumi, jua limeshaanza kulala, kila kitu kinaonekana.

Mlima pale unakatika ghafla. Unatoka kwenye miti, unakanyaga jabali, na chini yako ni tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke: nyika ya Wamasai, barabara ya kwenda Moshi nyembamba kama uzi, mabati yanametameta. Upepo unapanda kutoka chini na unakuja na joto la huko. Jabali tulilokaa halina kingo, kwa hiyo mtoto mdogo usimwachie mkono hata dakika moja.

Mama alikaa chini, akanyoosha mguu, akavua kanda mbili. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kwenye mistari ya kijani iliyopangwa kama mkeka, mashamba ya mkonge upande wa Mazinde. Babu yangu alikuwa mkata mkonge, na mama alizaliwa kambini huko. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba kila asubuhi, akienda kuteka maji, alikuwa anautazama ukingo huu wa mlima akijiuliza watu wa huku juu wanaona nini. Hakuwahi kupanda. Nauli ilikuwa ya nani?

"Kisima kilikuwa pale," akasema, "karibu na ile miti." Mimi niliona miti mia. Yeye alikuwa anauona mmoja mmoja, na akaanza kunitajia nyumba kwa nyumba, nani alikaa wapi, mpaka jua likagusa nyika na ikabidi nimkumbushe kwamba gari linatusubiri.

"Lisubiri kidogo," akasema. "Sijamaliza safu ya pili."