Safe Dates: mtaala mzuri, ila usiukate

Mtaala huu wa kuzuia ukatili katika mahusiano ya kimapenzi ya vijana, uliojaribiwa kwanza North Carolina, Marekani, una vipindi 10 vya kama dakika 50, mchezo wa kuigiza na shindano la mabango. Utamu wake uko kwenye maigizo. Kwa mfano, rafiki anasema, "Alinizaba kofi, lakini ananipenda." Kijana anafanya zoezi la kusikiliza, kuuliza kama yuko salama na kumwelekeza kwa mtu mzima, bila kumlaumu. Walimu wenye haraka hubana vipindi viwili kuwa kimoja. Maigizo ndiyo hukatwa, inabaki hotuba. Mada ya kudai nywila na kufuatilia mwenzi kwa simu ningeipa muda zaidi. Tena, mshauri awe tayari kabla ya kipindi cha kwanza: wapo watakaofunguka siku hiyohiyo.